Maandishi Chini ya Twiga

Asubuhi moja nilitoka chumbani kwangu Athi River nikielekea kazini kama kawaida, na nilipofika njia panda miguu ikakata upande wa pili. Sikuwa nimegombana na mtu. Kule EPZ, kwenye viwanda vya nguo za kuuzwa nje, nilikuwa nikishona mifuko ya kushoto ya suruali. Mifuko ya kulia ilikuwa ya msichana aliyeketi nyuma yangu. Kazi haikuwa na ubaya wowote, lakini kwa miezi kumi na moja sikuwahi kuona suruali nzima, na jambo hilo lilikuwa likinisumbua kuliko njaa. Kando ya barabara palikuwa na lori la magogo, dereva wake amelala chini yake akifunga gurudumu. Nikainama.

"Magogo haya yanaenda wapi?"

"Wamunyu."

"Kufanywa nini?"

"Kugeuzwa ndovu," akasema, kama vile ndiyo kazi ya kila gogo duniani.

Nikapanda juu na mfuko wangu wa plastiki na viatu vyangu vya Jumapili.

Ninyi mnaobaki na sanduku la bati mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ya madaftari ilivyoanza, mkitumaini, naona, kwamba ilianza na mpango. Mpango haukuwepo. Kulikuwa na gurudumu lililotoboka. Sasa nimestaafu, kama mtu asiyetulia anaweza kustaafu, na kwa kuwa mnaniita Mwalimu ingawa nilitoka shule darasa la sita, nitawaambia ninachojua. Vyeo nitaviruka, maana havikunipata.

Wamunyu wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, ukishuka tu unasikia sauti za tezo kama mvua ya mawe isiyokoma. Wanaume walikaa kwenye vibanda wakichonga. Sisi wanawake tulikaa kwenye magunia tukipiga msasa. Aliyenifundisha ni Mama Kavata, mwanamke mwenye viganja vigumu kiasi kwamba watu walimtania hana haja ya msasa. Alinionyesha msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, kisha kitambaa chenye rangi ya viatu. Na siku ya pili, baada ya kuangalia kushoto na kulia, alinifundisha siri ya kazi.

"Kitako ruka," alinong'ona. "Huko chini hakuna mtu anaangalia. Ni nani atainua ndovu amwangalie kitako?"

"Na karani wa stoo?"

"Karani anaangalia nambari tu."

Kila mchongaji alikuwa na nambari yake, iliyoandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya mnyama, ili ijulikane huyu ni wa nani. Basi tuliruka vitako, sote, miaka nenda miaka rudi, na kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Shikeni hilo, litarudi.

Mwaka ule wa mvua nyingi, lori lililokuwa likipeleka vinyago na wafanyabiashara sokoni Ekalakala liliteleza kwenye kivuko cha mto. Wengi walitoka wakiwa hai. Watatu hawakutoka. Mmoja alikuwa Nzioka, kijana mwenye kicheko cha kusikika vibanda vinne, aliyekuwa akichonga na rafiki yake Mutiso: Mutiso twiga mama, Nzioka ndama wake, wanasimama pamoja kwenye kitako kimoja. Walioponyoka walirudi nyumbani na mikono mizima na miguu mizima, watu wakawaambia washukuru Mungu. Wakashukuru. Halafu mmoja akawa hawezi kusikia injini bila kutapika, mwingine akawa analala kwa kuketi, na Mutiso akaweka tezo lake juu ya paa la kibanda na hakulishusha.

Kanisa ndilo lililomleta Mama Wambui. Alikuwa nesi mstaafu, mtu wa Murang'a aliyehamia Matuu na kulima Yatta, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amesomea ushauri. Kila Alhamisi alikuja na sanduku la bati, akawaketisha watu wa lori kwenye chumba cha katekisimu, akafunga mlango. Mlango uliofungwa ni kitu ambacho sijawahi kukivumilia. Alhamisi ya kwanza niligundua kwamba chini ya dirisha la chumba kile kuna kivuli kizuri sana cha kupigia msasa. Alhamisi ya pili sauti ikatoka ndani:

"Wewe wa dirishani, unasikia vizuri ama nipaze sauti?"

Nikafikiria kukimbia. Lakini nilikuwa na kiboko wa mti mapajani.

"Nasikia vizuri, Mama."

"Basi ingia. Mtu anasikia hivyo anaweza kushika saa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Saa yenyewe mnaijua, ile yenye kuku anayedona kila sekunde. Kazi yangu ilikuwa kusema "anzeni" na, baada ya dakika ishirini, "wekeni chini." Mnaweza kudhani ni kazi ndogo. Jaribuni kuketi dakika ishirini na watu kumi na wawili wanaoandika mambo yao mazito kuliko yote, huku kuku anadona, na ninyi hamruhusiwi kuuliza swali hata moja.

Mama Wambui hakuwaambia waandike kuhusu ajali. Hilo lilinishangaza, maana nilidhani ndilo lililotuleta. Aliwaambia waandike kuhusu viatu walivyovaa siku ile. Vilikuwa vya rangi gani, vilinunuliwa wapi, vilibana wapi. "Mtu hawezi kuingia mtoni mara moja," aliniambia. "Aanze na miguu." Wiki ya kwanza viatu, wiki ya pili kiamsha kinywa, wiki ya tatu aliyeketi karibu nawe. Yule aliyekuwa tayari, kalamu yake ilifika mtoni yenyewe. Ambaye hakuwa tayari aliandika kurasa sita kuhusu kandambili, na hakuna aliyemwambia amekosea. Anayetetemeka alisimama, akanawa uso, akatoka nje kutembea na mtu. Baada ya kuandika, kila mtu alikunywa uji. Uji haukuwa zawadi, ulikuwa sehemu ya dawa. Nimeona vikundi vinaruka uji kwa sababu muda umeisha, halafu wanashangaa watu wanarudi nyumbani wakiwa katika hali mbaya kuliko walivyokuja. Rukeni dua ya kufunga kama ni lazima. Uji msiruke.

Daftari lisiwe na jina juu. Liwe jembamba, kwa sababu daftari nene humtisha mtu. Kalamu za wino huvuja kwenye jasho, kwa hiyo tulitumia penseli, na ninaamini penseli za Wamunyu ndizo zilizochongwa vizuri kuliko zote Kenya, maana walizichonga watu wa kazi. Moja ilinirudia ikiwa na kichwa cha ndege. Nyingine ilirudi ikiwa mamba mzima, na ncha ya kuandikia ikitokea mkiani.

Na sheria kubwa: hakuna anayesoma daftari la mwingine.

"Hata mimi?" niliuliza.

"Wewe hasa," akasema Mama Wambui.

Nami alinipa daftari. Nikasema sikuwa kwenye lori. Akasema hajauliza habari za lori, ameuliza habari za viatu. Niliandika dakika ishirini kuhusu viatu vyangu vya Jumapili ambavyo nilivibeba kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kukaa mahali mpaka Jumapili ya pili, na dakika zilipoisha nikajikuta nacheka na kulia pamoja, kamasi zikishuka juu ya karatasi. Sitawaambia niliandika nini. Sheria ni sheria. Lakini baada ya hapo nililala kama gogo lililokataa kuchongwa.

Sasa Mutiso. Aliletwa na mkewe, Ndinda, ambaye alimshika mkono mpaka kitini na kuketi nje mlangoni kama askari. Wiki nane Mutiso alipewa daftari, na wiki nane alilirudisha jeupe. Hakusema neno. Jina la Nzioka likitajwa, alitoka. Ndinda aliniambia, "Hata nyumbani haongei. Anaangalia mikono yake kama si yake."

Nilimwendea Mama Wambui nikiwa nimejaa hila za kumfanya aandike. Akanikatiza zote. "Usimsukume. Mwambie tu, daftari si lazima. Aandike popote ambapo hakuna mtu anaangalia."

Nilipeleka maneno hayo kwa Mutiso neno kwa neno. Nakiri nilijivunia jinsi nilivyoyabeba vizuri.

Wiki iliyofuata tezo likashuka kutoka juu ya paa. Aiya! Ndinda alikuja mbio kwenye magunia yetu, kanga imefunguka, akipiga vigelegele, na sisi tukajibu, wanaume wakatoka vibandani kuona ni nani ameolewa. Mutiso alikuwa anachonga. Twiga baada ya twiga, mama na ndama, wote wawili kwa mkono wake mwenyewe sasa. Thelathini na wanne kwa muda wa wiki tano. Na ni mimi niliyepewa kuwapiga msasa, mimi mwenyewe, mwanamke mdadisi kuliko wote kati ya Athi River na mto Tana. Niliwapaka, niliwang'arisha shingo, niliwapiga busu kwenye pembe. Vitako nikaruka.

Ilikuwa Alhamisi, wakati wa chai ya saa nne asubuhi. Twiga walikuwa tayari stoo, kwenye katoni, wakingoja lori la mnunuzi. Mutiso akaja akasimama mbele ya gunia langu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kunisemesha.

"Kalekye. Wale twiga wangu. Uliwapiga msasa vizuri?"

"Kama kioo," nikasema.

"Na chini?"

"Chini wapi?"

"Kitakoni."

Nilimwangalia kwa uso wa kanisani. "Hasa kitakoni."

Akavuta pumzi, akageuka aende zake. Na sijui ni nini kilichonishika, labda ni zile Alhamisi zote za kuketi na watu wanaosema kweli kwa penseli. "Mutiso," nikasema. "Nimedanganya. Kitako huwa naruka."

Aliketi chini pale pale, juu ya magamba ya mti.

"Wote?"

"Wote."

"Nimeandika huko," akasema.

"Umeandika wapi?"

"Chini ya twiga. Ulisema niandike pahali hakuna mtu anaangalia. Nikajua mtapiga msasa, maneno yatakwenda na vumbi. Kalekye, yote iko huko. Ile siku yote. Nzioka iko huko." Akaitazama tena mikono yake kama si yake. "Wale vijana wa kupakia wanamjua Nzioka. Wakigeuza mmoja tu, itafika kila nyumba. Na mama yake hajasikia vile ilikuwa. Hiyo ni mambo ya kusikia kutoka kwangu, si kutoka kwa katoni. Watu wakisoma, mimi sishiki tezo tena. Wala penseli. Wala kitu."

Sijawahi kukimbia vile, na mimi ni mtu wa kukimbia. Ndinda alituona tukipita akajiunga bila kuuliza, na hivyo tukafika stoo watu watatu tunahema, mbele ya Karani Musyoki, mtu mpole mwenye miwani mizito aliyependa kila kitu kikae kama kilivyo.

"Fungua katoni za twiga," nikasema.

"Zimepigwa selotepu."

"Selotepu hukatika."

"Lori inaingia saa nane. Nikifungua nitasema ni kwa nini?"

Nilimtazama Mutiso. Hangeweza kusema. Ndinda hakujua. Nami sikuwa na haki ya kusema lake, nilikuwa na haki ya kusema langu tu. Nikapaza sauti ili asirudie swali.

"Sema ni mimi. Sijawapiga msasa chini. Huwa naruka vitako. Tangu nije Wamunyu sijawahi kupiga kitako hata kimoja!"

Nyuma yangu, wanawake wa msasa walikuwa wamefika kuona tunakimbilia nini, na Mama Kavata alikuwa mbele.

"Kumbe!" akasema Karani polepole. "Chini ya hao twiga niliona penseli penseli. Nikajiambia ni vipimo vya mchongaji." Akavua miwani. "Na ndovu? Ndovu ni nani alipiga?"

Akainua ndovu mmoja, akapitisha kidole chini, akatoa kijiti kilichomchoma. Akamwangalia Mama Kavata.

"Mama Kavata. Hata wewe?"

"Mimi niko na mgongo mbaya," akasema Mama Kavata kwa heshima zote, na hapo stoo nzima ikapasuka. Walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya kiboko. Kila mmoja akawa anamnyooshea mwenzake kidole: na wewe pia! Na wewe! Miaka yote hiyo kila mmoja alidhani ni mwizi wa peke yake. Karani hakucheka. Alitangaza kwamba hakuna mnyama atatoka Wamunyu na kitako cha aibu, akakata selotepu zote kwa mkono wake, na katoni zikafunguliwa mpaka nje ya mlango.

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Wanawake zaidi ya ishirini, wote wanajua kusoma, wanakaribia kugeuza wanyama juu chini.

"Twiga ni wangu!" nikapiga kelele. "Asiguse mtu twiga! Niliwaharibu mimi, nitawamaliza mimi."

"Wachukue, wachukue," wakasema. "Mwenye dhambi kubwa apate twiga."

Ndinda na Mutiso walinisaidia kuwabeba uani. Na hapa kuna jambo la kikazi. Ukitaka kupiga msasa kitu bila kukitazama, usiushike msasa. Laza msasa chini juu ya ubao, ukanyage kingo zake kwa miguu, kisha mshike mnyama wima na umsugue kitako juu yake, mbele na nyuma, kama mtu anayefua kola. Maandishi yanatazama ardhi, wewe unatazama shingo. Mutiso alikuwa ananipa, nasugua mpaka vumbi linageuka kutoka kijivu cha penseli kuwa rangi ya mti, nampa Ndinda, anabandika nambari upya. Wenzangu, thelathini na watatu! Kila mmoja anapopita mikononi, nilikuwa najua kwamba kilicho kati ya kiganja changu na ubao ni kitu ninachotaka kukijua kuliko kitu kingine chochote duniani. Nilikuwa naimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya ili macho yasahau. Ndinda akaniuliza kama naumwa.

Katikati ya kelele hizo Mama Wambui akatokea, sanduku mkononi, kuku akidona ndani yake. Alitazama ua, wanawake wanaosugua vitako vya ndovu na kucheka, Mutiso akipokeza twiga kwa mikono iliyotulia.

"Umesoma?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Hata neno?"

"Hata herufi. Na nitakufa kwa hiyo."

"Hutakufa," akasema. Akaketi kwenye gogo akatungoja.

Alibaki twiga mmoja. Nilinyoosha mkono, Mutiso hakumpa. Alikuwa amemgeuza anasoma, midomo ikienda, kisha akambandua kikaratasi cha nambari, akamfunga ndani ya koti lake.

"Huyu haendi na lori," akasema. "Huyu anaenda Ekalakala. Kwa Mama Nzioka."

"Umpeleke?" Ndinda akauliza.

"Nimsomee."

Lori liliingia saa nane, likaondoka saa tisa na nusu, Karani amenuna, na nawahakikishia kwamba tangu siku hiyo ndovu wa Wamunyu ni laini kila upande. Mutiso alikwenda Ekalakala Jumamosi, kwa miguu mpaka kivukoni, akavuka. Aliporudi aliomba daftari. Alilijaza, akaomba lingine. Mengine sijui, kwa sababu sikuuliza, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Wiki mbili baadaye Mama Wambui alinipa sanduku la bati, saa na penseli ya mamba. Ekalakala walikuwepo watu wa lori lile lile, wauza nafaka na mitumba, na hawakuwa na mtu wa kuwashikia saa. "Siku moja kwa wiki?" niliuliza. "Kaa huko," akasema. Kukaa! Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo na nikafurahi.

Nilifika Ekalakala kabla ya adhuhuri, sanduku kichwani, sina chumba wala mtu. Mwuza nyanya wa kwanza nikamuuliza mgeni analala wapi. Akaniambia kuna chumba nyuma ya duka la pojo, kwa Mama Nzioka, lakini huyo mama anachagua.

Alikuwa anapepeta pojo mlangoni, mwanamke mrefu, mkavu. Aliniangalia kuanzia sanduku hadi viatu.

"Ni wewe wa msasa?"

"Ni mimi, mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Mutiso aliniambia wewe ni mtu wa kuuliza uliza."

"Ndiyo. Lakini najizuia."

"Tutaona." Akaweka ungo chini, akanifungulia chumba. Kitanda cha kamba, ndoo, msumari wa kutundika nguo. Na dirishani, akitazama soko, alisimama twiga na ndama wake, shingo inang'aa kwa kushikwashikwa. Moyo wangu ulipiga kama yule kuku.

"Mimi sikuenda shule," akasema Mama Nzioka nyuma yangu. "Mutiso alinisomea mwenyewe, mara tatu. Kisha tukakunywa chai. Maneno bado iko huko chini." Akafungua ufunguo kutoka pindo la kanga yake. "Sasa wewe unaweza kusoma, na hapa ndani utalala wewe na huyo twiga tu. Mwezi mmoja unanitosha kujua ni mtu wa aina gani nimempa ufunguo."

Akaniwekea ufunguo kiganjani akarudi kwenye pojo zake. Niliketi kitandani. Nilivitoa viatu vyangu vya Jumapili kwenye mfuko, nikavipanga chini ya dirisha, sawasawa, kama mtu anayekusudia kuvivaa hapo. Twiga nikamwacha alivyo. Nimekipanga chumba kile miaka kumi na minne, na vumbi nimelipangusa kila Jumamosi kuzunguka miguu yake bila kumwinua. Lakini siku ile ya kwanza nilijilaza tu chali mchana kweupe, mikono nimeilalia, nikicheka peke yangu mpaka Mama Nzioka akauliza kutoka nje kuna nini.

"Hakuna kitu, mwaitu," nikamjibu. "Kitanda ni kizuri."